Wiski ya Muzungu wa Pamba

Kaka Bonifasi,

Huku Kabambare mvua iko, barabara hakuna. Mimi niko muzima, na Wazungu wananisifu kwa kunywa.

Siku hizi sheria inaturuhusu sisi watu weusi kunywa wiski, basi Muzungu wa kampuni ya pamba aliniita barazani, akaweka chupa mbili za wiski. "Karani, chagua." Nikachagua ile iliyofunguliwa, maana aliyekwisha kuinywa bado alikuwa muzima. Akasema ninajua vitu, ile ndiyo ya zamani zaidi. Akatumiminia sisi wawili, akaningoja. Lakini kwetu mwenye kumimina anaonja kwanza, mugeni aone hakuna sumu. Na mimi nikamungoja. Nikanusa. Nikazungusha gilasi. Nikatazama mvua sana. Mwishowe akanywa yeye, nami nikafuata: ladha yake ni moshi wote wa samaki wa Nyangwe, bila samaki.

Akamuambia bibi yake, "Tazama mutu anayejua kunywa polepole!" Kesho wanakuja wageni wawili kunitazama.

Amenipa ile chupa. Salimia watoto, na Mama usimuambie. Nikifika Kasongo nitakumiminia, na nitaonja kwanza, kama Baba alivyotufundisha. Siku hiyo sitakawia.

Mudogo wako,
Longini