Jezi Nyeupe za Wapagazi

S.L.P. 71,
Naro Moru.
18 Novemba 2025

Mpendwa Mathenge,

U hali gani huko Doha, mwanangu? Joto limepungua au bado mnachemka? Na kifua kimepona? Sisi huku tu wazima, ila mvua imenyesha hadi nyanya zimeoza shambani. Yule ng'ombe mkorofi amezaa ndama jike, na anayeamka kukamua ni mimi, kwa hivyo usiniulize kama nimenenepa.

Dada yako Wachuka ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Zile mbio alizoanzisha na wapagazi wenzake, za kupanda hadi geti la mlima na mizigo mgongoni, si mchezo wa kijijini tena. Huzirusha mtandaoni kwa simu, na watu wa nchi nisizozijua wanatazama. Mwaka huu kampuni moja ya maziwa ilijitokeza kuzidhamini kwa majaribio. Ilileta jezi nyeupe pe, jina lake kifuani, ikasema jina hilo likionekana vizuri itatia sahihi mkataba wa miaka mitatu.

Mwenye wasiwasi zaidi nilikuwa mimi. Wachuka aliapa kwamba wakikosa mdhamini, mbio zimekwisha, naye atakufuata huko huko. Niliwalea nyinyi wawili tangu mama yenu, dada yangu, atutoke. Kumsindikiza mmoja uwanja wa ndege kulinitosha.

Basi Jumamosi ya mbio ikafika, matope kila mahali. Wapagazi wakajipanga, na hakuna hata mmoja aliyevaa jezi! Masweta yaliyotoboka, makoti ya mvua, Mutahi na shati la kampeni. Anita, binti aliyetumwa na kampuni, alikaribia kulia, akauliza jezi ziko wapi.

"Aa, madam," Mutahi akamjibu, "nguo mpya hivi naeza vaa aje kwa hii matope? Hiyo nimewekea kanisa."

Mbio zilikuwa tamu, na Wachuka akashinda upande wa wanawake, lakini jina la kampuni halikuonekana popote. Jioni akaniuliza nimeweka wapi cheti chake cha kuzaliwa, akaombee pasipoti. Nilijifanya sijasikia.

Kesho yake Anita alipita kanisani kutuaga. Mathenge, ungecheka! Viti vya mbele vyote vilikuwa vyeupe. Jezi zimepigwa pasi, makoti yameachwa wazi makusudi ili jina lionekane, na Mutahi amefunga tai juu ya yake. Anita hakuomba ruhusa ya mtu. Alitoa simu akapiga video hadi sadaka ikapita. Hiyo video imetazamwa kuliko mbio zenyewe, ati watu wanasema hawajawahi kuona jezi ikiheshimiwa hivyo.

Jana kampuni ilitia sahihi. Jezi za mwakani zitakuwa za rangi ya udongo, na Wachuka anazunguka Kieni nzima akisaka wakimbiaji. Ananiambia hana nafasi ya kunisaidia kukamua. Mimi namgombeza, lakini moyoni nina furaha ambayo sikujua bado ninayo.

Mjomba wako Hezekiah anakusalimu sana, na Magdaline wa dukani pia. Mungu akulinde kazini, akufungulie na njia ya kurudi likizo. Ukija, utamkuta dada yako nyumbani.

Ni mimi tata yako, nikupendaye siku zote,
Njoki