Mazishi Mawili ya Shosho

Jumatatu, 6 Agosti 2007

Vikombe arobaini na vitatu. Nimeviosha vyote. Kesho vitakuwa vichafu tena.

Hii ni jioni ya nne ya matanga hapa kwetu Kiamunyi. Watu wanafika saa kumi na moja, wanaimba wimbo mmoja, wanaomba, halafu kamati inaanza. Kamati ni Mjomba Kariuki na wanaume wengine sita. Wanajadili hema. Wanajadili spika. Leo wamejadili ng'ombe mmoja au wawili kwa saa nzima. Shosho hajatajwa ila kwenye maombi.

Shosho ni mama yake mama yangu. Alifariki Alhamisi. Mimi nimepewa jina lake, kwa hivyo Mama na ndugu zake huniita Mami, kama wanavyomwita mama yao. Tangu Alhamisi wakisema Mami wanasita kidogo, halafu wananitazama. Sipendi.

Kwa sababu ya jina, kamati imeamua mimi ndiye nitakayesoma wasifu wa marehemu siku ya mazishi. Mjomba alitangaza mbele ya watu wote nikiwa nimebeba trei.

"Lakini Mami, hiyo sauti yako hata kuku haiwezi kufukuza. Anza mazoezi."

Wakacheka. Nikarudi jikoni.

Nataka kuusoma. Naogopa kuusoma. Yote mawili ni kweli.

Jumatano, 8 Agosti

Wasifu umekamilika. Kurasa mbili.

Mjomba alinipa wa mfano. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto watatu, aliugua, alilala. Ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Nimeandika wangu.

Nimeandika kwamba alijifunza kusoma nywele zikiwa zimeshakuwa nyeupe, kwenye darasa la gumbaru, la watu wazima, kule kijijini kwake Kabazi, na wanawake wenzake ambao walitoka moja kwa moja shambani mikono ikinuka pareto. Kwamba baada ya hapo hakuna karatasi iliyompita. Gazeti lililofungiwa nyama alilikunjua akalisoma na damu yake. Habari ikikatika njiani aliniletea mimi nimalizie. Nilikuwa darasa la tatu. Nilibuni. Mwizi wa ng'ombe alishikwa. Mtoto aliyepotea alipatikana kwa shangazi yake. Alijua nabuni. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na yule mwingine je?"

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza na yule mwingine je.

Nilimpelekea Mama ausome. Alikuwa akichagua mchele. Alisema, "Weka mahali hapana mafuta, Mami." Nimeuweka ndani ya kamusi.

Alhamisi, 9 Agosti

Mazishi yalikuwa yawe kesho. Sasa ni Jumamosi. Mheshimiwa mbunge ana nafasi Jumamosi.

Huu ni mwaka wa uchaguzi na mheshimiwa anatafuta kiti tena. Mjomba anasema ataleta hema kubwa na watu wake. Hakuna aliyekataa. Mama aliuliza kama watu wake nao watakula. Mjomba akamwangalia kama mtu aliyeuliza kama jua litachomoza.

Nilipotumwa vitunguu mjini nilipitia kwenye saiba, duka la intaneti. Barua pepe kutoka kwa Anti Njeri, mdogo wa Mama. Yuko Kanada mwaka wa sita sasa, anatunza wazee zamu ya usiku. Karatasi zake hazijakamilika. Akitoka huko hataruhusiwa kurudi. Hawezi kuja kumzika mama yake.

"Mami, niandikie kila kitu," anasema. "Waliimba nini. Nani alilia. Ulisoma vipi. Wewe ndiye macho yangu."

Nikajibu ndiyo.

Jumamosi, 11 Agosti. Kabazi

Sikusoma.

Nitaandika kwa utaratibu. Ibada ilianza saa nne. Wasifu ulikuwa wa tatu kwenye programu. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, karatasi zimelowa jasho mkononi. Kwaya ikaimba. Mjomba, ambaye ndiye aliyeshika maikrofoni siku nzima, akasema tungoje kidogo, mheshimiwa yuko njiani. Tukangoja saa moja na nusu. Jeneza pia lilingoja.

Mheshimiwa akafika. Watu wakainuka kumwona, hata waliokuwa wakilia. Akazungumza juu ya barabara, maziwa na stima. Alimtaja Shosho mara moja, na akamtaja kwa jina la Mama. Kabla hajamaliza, mpinzani wake naye akaingia kwa lango, magari matatu, spika juu ya paa. Hakuna aliyekuwa amemwalika. Mjomba akampa maikrofoni. Kwa heshima, alisema. Vijana wa mmoja wakazomea, vijana wa mwingine wakaimba.

Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Hii ni mazishi ama ni kampeni?"

Jirani yake akamjibu, "Nyamaza, chakula bado."

Ilipofika saa nane mawingu yakashuka. Mjomba akatazama juu, akatazama saa, akatazama programu. Akasema, "Wasifu mko nao hapo kwa karatasi, kila mtu atajisomea nyumbani."

Kwenye karatasi ni ule wake wa mfano. Alizaliwa, alibatizwa.

Ningeweza kusimama. Kulikuwa na hatua sita kutoka kwangu hadi kwa maikrofoni. Nilizihesabu. Sikusimama. Mvua ikanyesha na watu wakajifunika programu vichwani. Uso wa Shosho ulikuwa umechapwa kwenye jalada. Nilimwona juu ya vichwa mia, akiloa. Tukamzika mbio mbio.

Nimechoka mpaka siwezi kulia.

Jumapili, 12 Agosti

Nimeosha sufuria. Tumerudi Kiamunyi. Mama ana sauti iliyokauka. Mjomba alipita, akasema mazishi yalifana sana, watu wanayazungumzia hadi Subukia.

Simtaki Mjomba leo.

Jumanne, 14 Agosti

Nimemdanganya Anti Njeri.

Niliandika kwamba ibada ilikuwa nzuri, watu walikuwa wengi, kwaya iliimba vizuri, nilisoma hadi kipande cha gazeti la nyama na sauti haikutetemeka. Nilibuni mwisho kama nilivyombunia Shosho habari za magazeti. Nikabofya. Nikatoka.

Tofauti ni kwamba Shosho alijua nabuni.

Jumatano, 15 Agosti

Amejibu. Barua ndefu. Ameisoma yangu mara nne kwenye basi akitoka kazini. Anauliza watu walifanya nini nilipofika kwa gazeti la nyama. Walicheka? Kaka yake, Kariuki, alicheka? Kuna aliyetoa kitambaa?

Nilikaa mbele ya kompyuta bila kuandika neno. Bwana Harjit, mwenye saiba, alikuja kusimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai.

"Madam, siku zote unachapa kama karani wa korti. Leo mashine imekufa ama ni wewe?"

Nikasema ni mimi. Akaondoka, akaniacha.

Ijumaa, 17 Agosti

Nimemwambia ukweli. Hema, spika, mvua, hatua sita. Niliandika bila kujisomea ili nisifute. Nikamwambia pia kwamba najichukia kwa sababu jina ni lake na sikuweza hata kusimama.

Nilidhani angekasirika, au angempigia Mjomba simu na kungekuwa na maneno. Jibu lilikuja nikiwa bado nimekaa. Huko ilikuwa asubuhi, ametoka zamu.

"Basi soma sasa."

Halafu: "Si sasa hivi. Jumapili saa kumi za huko. Nitamwita Mwangi wa Dubai."

Mwangi ni mtoto wa Mjomba Kariuki. Ni askari wa mlangoni kwenye duka fulani kule. Yeye pia hakuja. Alilelewa na Shosho mpaka kidato cha pili, nilikuwa nimesahau. Kila mtu alikuwa amesahau.

Jumapili, 19 Agosti

Imefanyika.

Nilimwambia Mama naenda kudurusu maktabani. Uongo mwingine, lakini mdogo. Bwana Harjit alinipa kompyuta ya pembeni, karibu na dirisha. Nilimwambia ni mazishi. Hakuuliza mazishi gani ya kompyuta. Alienda akapunguza redio.

Tulikuwa watatu tu kwenye kioo, tukizungumza kwa maandishi. Anti Njeri akaandika sala fupi. Mwangi akaandika, "Niaje Mami. Enda polepole. Hapa niko na break ya saa moja na sitaki kupitwa na kitu."

Nikaanza kuuchapa wasifu. Mstari mmoja, nangoja. Mstari mwingine, nangoja. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyetazama saa. Nilipofika kwa gazeti la nyama Mwangi akaandika hahaha mara tatu, halafu akaandika, "Wacha nifute macho, kuna mzungu ananiangalia." Anti Njeri alisema kabla ya barua yangu hakuwahi kujua hilo. Wakati huo alikuwa ameshaenda Kanada. Alimwacha mama yake akijua kusoma Biblia tu, kwa shida.

Katikati mtandao ukaanguka. Dakika ishirini. Nilitaka kupiga meza. Bwana Harjit alichomoa nyaya akazirudisha, akasema pole, akachomoa tena. Niliporudi nilidhani wameondoka. Walikuwepo. Walikuwa wameendelea wenyewe. Anti Njeri aliyanakili yote akanibandikia: Shosho akimfukuza fisi kwa sufuria. Shosho akimchapa Mwangi halafu akimpa yai. Siku ya kuuza pareto ambapo mvua ilinyesha na gunia zima likaoza, na Shosho akakaa juu ya gunia akacheka.

Nikamaliza wasifu. Hakuna aliyepiga makofi kwa sababu huwezi. Tukakaa tu. Nuru ndogo ya kijani kando ya kila jina ilionyesha kwamba bado wako.

Najua si sawa kusema hivi. Lakini haya ndiyo mazishi. Yale ya Kabazi yalikuwa na watu elfu na hayakuwa na yeye. Haya yalikuwa na watatu, na hakuna aliyekuja kuonekana, maana hakuna wa kumwona. Ningeweza kulia bila jirani kunishika bega. Nilipata nafasi ya kufikiri kabla ya kusema, na hakuna aliyesema, "Sema kwa nguvu."

Lazima niandike na lingine. Hakukuwa na udongo. Anti Njeri aliuliza udongo wa pale una rangi gani siku hizi, kama bado ni mwekundu. Nikamwambia mwekundu. Hilo haliwezi kutumwa.

Jumatatu, 20 Agosti

Bwana Harjit alinichapishia mazungumzo yote. Kurasa saba. Nimempa Mama na nimemwambia kila kitu, hata uongo wa maktaba. Nilitarajia kugombezwa.

Alisoma akiwa amesimama jikoni, polepole. Hakulia. Mama hajalia tangu siku ile, si mbele ya mtu. Kwenye ukurasa wa tano akakoma kusoma.

"Nani ameandika hii ya pareto?"

"Mwangi."

"Haikuwa hivyo." Akaupiga ukurasa kwa kidole. "Mvua haikunyesha. Yeye hata hakuwa amezaliwa, ameambiwa na baba yake. Kariuki naye anajua nini?"

Akaendelea kusoma. Baadaye, nikiwa nalala, akaja mlangoni. Aliuliza kama kule mtu anaweza kusahihisha.

Jumatano, 22 Agosti

Mama hajawahi kugusa kompyuta. Alivaa gauni la kanisa. Bwana Harjit akamvutia kiti, akamwita mama, akampa chai. Mama akaikataa kwanza kisha akaipokea.

Anti Njeri alikuwa anatungoja. Nilitaka kumchapia Mama, yeye aseme tu. Akasema hapana. Akatumia kidole kimoja. Alitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta kijiwe kwenye mchele. Dakika kumi kwa mstari mmoja.

"Njeri ni mimi. Ile siku hakukuwa na mvua. Ni maji ya mtaro yaliingia store usiku."

Anti Njeri akaandika, "Dada?" Halafu akangoja.

Mama alikunywa chai. Nilidhani amemaliza. Akarudisha kidole. Nilikuwa nasoma kila herufi ikitokea, sikujua inakwenda wapi.

"Nilikuwa nyuma nagawia watu wa mheshimiwa chakula. Waliniita nikaja nimechelewa. Sikumwona mama akishuka kaburini."

Siku kumi na moja tumekaa nyumba moja na sikujua hilo. Nilidhani alikuwa nyuma yangu. Hata sikugeuka kuangalia.

Kando ya jina la Anti Njeri kukaanza kuonekana kwamba anaandika. Mama aliinamia kioo, mikono miwili magotini.

Nikasogeza kiti changu nyuma, nisisome jibu.