Kamba ya Desi

Kwako Baba, uliko,

Kamba ya Desi bado iko msumarini juu ya mlango, pale pale ulipoitundika. Mama alitaka kuanikia nguo ukakataa. Mimi nilitaka kufungia ndama ukanitazama tu, nikairudisha. Nakuandikia kwa sababu jana niliisikia tena ile sauti ya kifuani mwa farasi, na tangu jana sina raha.

Unakumbuka kule kambini, nyuma ya mashamba ya majani chai, ulipokuwa saisi, mtunza farasi wa meneja? Watu wa kwetu walikucheka: mtu ametoka ziwani mpaka Kericho kuja kuosha farasi miguu. Hukujali. Mimi uliniita Mama kwa kuwa nina jina la mama yako, na kila nikitoka shule ulinituma nikampe Desi maji kabla hata sijala. Nilimwonea wivu yule farasi. Nilimpenda pia, hilo ujue kabla sijaendelea.

Siku moja mlirudi naye kwenye lori kutoka Nairobi, safari ya kutwa. Ulikuwa umemfunga kichwa juu kwa kamba fupi kwa sababu alikuwa akimuuma farasi mwenzake. Kesho yake hakula. Alikwaruza chini kwa kwato, akageuka kuutazama ubavu wake. Wakakuita ofisini, ukaniachia neno moja: nimwangalie tu, nisimguse. Kuna jambo lilitokea ukiwa huko. Nitalisema, nivumilie kidogo.

Siku ya tatu homa ilikuwa imempanda. Alisimama viwiko vya miguu ya mbele vimetanuka, hataki kupiga hatua, na ukimgeuza aliguna kama mtu mzima. Wewe ulidhani ni tumbo. Daktari alipofika alisema wengi hukosea hivyo, kwani farasi mwenye maumivu ya kifua hufanana sana na mwenye maumivu ya tumbo.

Alisikiliza: juu pumzi ilikwaruza, chini kimya. Kisha akaanza kuugonga ubavu kwa vidole, kutoka juu akishuka. Juu palilia kama mtungi mtupu wa maziwa. Akashuka, akashuka, na mahali fulani sauti ikafa. Akapiga mstari wa chaki hapo. Alisema chini ya mstari ni maji, na hayako ndani ya mapafu, yako nje yake, kati ya mapafu na mbavu, kwa hiyo mapafu hayapati nafasi ya kufunguka. Alileta na mashine ndogo ya picha, kama ile ya akina mama wajawazito, akatuonyesha weusi wa maji ulivyojaa. Mwishowe akanyoa nywele kidogo, akaingiza sindano kati ya mbavu. Maji yalitoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na yalinuka. Ndoo ilijaa nikiwa nimeishika mimi.

Alieleza kwamba kwa farasi maji hayo mara nyingi huletwa na nimonia. Farasi akisafiri kichwa kimefungwa juu hawezi kuinama akakohoa uchafu utoke, ukabaki kumwozea ndani. Au kuna kitu kimepita njia ya hewa. Akatutazama sote wawili.

"Kuna mtu amempa kitu kwa mdomo?"

"Hakuna, daktari," ulisema. "Ni mimi nilimfunga kichwa. Ni ile kamba."

Mimi nilikuwa nyuma yako na ndoo yangu.

Desi alikufa siku ya sita. Meneja hakukufukuza, wewe mwenyewe uliomba upelekwe kuchuma chai, na hukugusa farasi tena maishani mwako.

Sasa nakwambia. Ulipokuwa ofisini, nilimwona anavyokwaruza nikasema tumbo limejaa, kama la ng'ombe wetu. Na ng'ombe akijaa gesi, kambi nzima tulijua dawa: mafuta ya kupikia kwenye chupa ya soda, kichwa juu, unamimina pembeni mwa mdomo. Nikamfunga kichwa kwa kamba yako hiyo hiyo, nikamimina. Alikohoa. Mafuta yakatoka puani. Nikampangusa kwa sweta ya shule, nikaifua kabla hujarudi.

Nimekuwa daktari wa ng'ombe, Baba, kama ulivyotaka. Farasi nimewakwepa miaka yote. Jana waliniita shamba moja juu ya Fort Ternan, wakisema daktari wa farasi yuko mbali. Nilimkuta farasi wao amesimama viwiko nje. Niligonga ubavu nikishuka, na sauti ikafa chini ya mkono wangu. Nilimuuliza saisi wao, mzee wa makamo yako, kama amempa kitu. Alisema hakuna, huku akiangalia buti zake. Yule daktari wetu aliuliza mara moja tu. Mimi niliuliza tena.

"Mzee, mimi nilimpa mmoja mafuta nikiwa msichana. Nikanyamaza, akafa. Wewe ulimpa nini?"

Alienda nyuma ya magunia ya chakula, akarudi na chupa ya soda, ingali inateleza kwa mafuta.

"Nilifikiri ni tumbo," alisema.

Nilimpigia simu daktari wa farasi nikamweleza yote. Alisema afadhali amejua mapema, lakini hakuniahidi kitu. Yuko njiani na mashine yake. Nimepita huko asubuhi hii kumwona farasi: bado anaguna, na pumzi imekuwa fupi kuliko jana. Yule mzee amekaa mlangoni mwa zizi, hataki hata chai.

Kamba nimeishusha sasa hivi, nikikuandikia. Naona aibu, Baba, na nimekukosa sana. Siku ile ya mwisho kitandani uliigeukia hiyo kamba, ukaniuliza, "Mama, ilikuwa fupi sana?" Nilikuwa nimekushika mkono. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

"Kidogo tu, Baba," nilikujibu. Na ukaenda na hilo.

Ni mimi binti yako,
uliyemwita Mama.