Samaki wa Kyabu

Kamina, karibu na stesheni,
tarehe 9 Septemba 1984

Mpendwa mwana wangu Kyabu,

Wakomapo. Habari za huko Ubelgiji, habari za baridi, habari za mkeo Phébé na mtoto wenu Umba? Meno yameshatoka? Katika picha mliyotuma amevikwa nguo nyingi hata nikashindwa kujua kama ni mtoto au ni mto wa kulalia. Mungu amkuze.

Mimi ni mzima, ukiuliza habari za mwili. Magoti yananilalamikia, lakini hayo yalianza zamani. Hapa Kamina ni vumbi tupu. Majani yamechomwa, mvua bado, na ndege za kambi ya askari zinapita juu ya mabati yetu kila asubuhi. Naenda sokoni kuuza samaki, narudi, nalala. Watu wananisalimu, nami naitika.

Telegramu najua uliipata, maana Padri Amédée alinionyesha jibu lako. Usijilaumu kwa kutokuja. Hata kama ungepanda ndege siku ile ile, ungemkuta baba yako ameshazikwa, kwa sababu joto la kijijini kwetu Mulongo halimngoji mtu. Alizikwa vizuri. Wanakwaya waliimba, wavuvi wakabeba jeneza, na mtumbwi wake amepewa Kabamba, aliyevua naye tangu ujana wao.

Nikwambie ukweli kuhusu mimi kabla wengine hawajakuandikia. Sijalia. Kaka yangu wa tumbo moja amekufa, na mimi nimekuwa kama mtu aliyeng'olewa jino na ganzi haijamtoka, anagusa shavu lake wala halisikii. Juzi nilitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, nikainywa mpaka mwisho. Wanawake wenzangu wa sokoni wanasema nina roho ngumu. Waache waseme.

Mama yako Mbombo amekataa kuja kukaa nami hapa. Anasema Kamina hakuna maji ya kutazama. Sikumlazimisha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Barua yako ya mwezi wa sita ninayo. Ulikuwa na furaha. Uliandika kwamba katika samaki wote uliowashona vipande vya plastiki vya njano vyenye namba mgongoni, kule kwenye ziwa letu, vipande vilivyorudishwa na wavuvi kwa Bokungu, yule wakala wa uvuvi, havijazi hata kiganja. Ukanieleza polepole, kama mtu anavyomwelezea mtoto, kwamba wenye alama wakinaswa wachache hivyo, maana yake ziwani kumejaa samaki, na wavuvi wanachota tone tu. Maprofesa wako wameridhika, na mwezi wa kumi na moja utasimama mbele yao kuitetea kazi yako. Wakubwa wa uvuvi wanangoja hesabu yako ili wafungue ziwa hata wakati wa mafuriko, samaki wanapoingia kwenye mafunjo kuzaa. Kuna na mfanyabiashara ambaye yuko tayari na nyavu zake za kuburuta.

Nilipoisoma barua hiyo nilitazama kikapu kilichonifikia kwa treni siku ile. Samaki walikuwa wembamba kama majani ya mhogo. Nikajiambia labda wakubwa wao wamejificha, wasomi wanajua. Sikuuliza.

Basi nilipofika Mulongo kwenye matanga, kitu cha kwanza nilichokiona ni maharagwe. Nyumba ya mvuvi, msiba wa mvuvi, na waombolezaji wanakula ugali wa bukari kwa maharagwe. Nilionea haya ukoo wetu. Nikamuuliza Kabamba kama wavuvi wamegoma.

—Samaki iko kidogo sana, Mwadi, aliniambia. Na ile inabakia, mingi iko ya Kyabu.

Nilidhani ni uchovu unaomsemesha. Nikamuuliza ya Kyabu kivipi.

—Ile alishonaka plastike ya manjano. Shiye hatuikulaka. Tukiikamata tunairudishaka mu mayi, ikomee mukubwa. Siku moya mwenyewe atarudia.

Kyabu, siku ile uliyowakusanya watu nje ya kanisa, uliwaambia kila atakayenasa samaki mwenye kipande akitoe, akipeleke kwa Bokungu, apewe ndoana na chumvi. Wote walikusikia vizuri. Lakini ulipopanda tu boti kwenda Bukama, baba yako aliwaita wavuvi wenzake. Maneno yake Kabamba bado anayo kichwani.

—Minyi nikule kintu ya mutoto yangu, halafu banipe na chumvi juu yake? Ile haya nitaipeleka wapi?

Na wewe unajua kwetu. Mbuzi akikatwa sikio, anajulikana ni wa nani hata akizurura kijiji cha tatu. Wewe ulimtia samaki alama kwa mkono wako mwenyewe, ukampima kwa upole ule, ukamrudisha majini akiwa hai, kisha ukaenda ng'ambo. Nani angedhani unataka aliwe? Wakakubaliana wote. Kijana mmoja aliyemkaanga mmoja wao kwa siri alisutwa mpaka akahamia Bukama. Vile vipande vichache ulivyopata vililetwa na wavuvi wapita njia, wasiokujua. Wenyeji wote walikuwa wanakuchungia.

Zamani ningecheka mpaka nishike mbavu. Sikucheka. Niliendelea kuchambua maharagwe.

Baadaye mama yako alinieleza juu ya siku za mwisho. Baba yako alikuwa hali tena chakula chochote. Asubuhi moja akasema anatamani mchuzi wa tilapia mbichi. Kabamba akaingia ziwani, akarudi na samaki mmoja tu wa kumfaa mgonjwa, na mgongoni ana njano yako. Walimletea akiwa hai kwenye beseni. Baba yako alimtazama sana, akapitisha kidole juu ya kile kipande, akaomba arudishwe majini upesi kabla hajachoka. Kisha akala vijiko viwili vya uji. Hakuomba tena kitu mpaka alipofariki.

Haya ninakuandikia bila kutetemeka, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Ikafika siku ya kumaliza matanga. Kwetu, kama ujuavyo, mjane hagusi samaki mpaka siku hiyo, na samaki wake wa kwanza lazima atoke kwenye wavu wa marehemu na apikwe na wifi yake. Wifi ni mimi. Alfajiri tukaingia ziwani, Kabamba na mimi, tukautega wavu wa baba yako, tukangoja, tukauvuta. Vilitoka vidagaa vya kuwapa bata. Walitoka pia wakubwa wachache, na kila mkubwa ana njano mgongoni. Samaki wako wamekua, Kyabu. Wamenenepa, wana afya. Katika wakubwa wa ziwa lile, karibu ni wao tu waliobaki. Wale wengine tumekwisha kuwala.

Kabamba akaanza kuwarudisha majini mmoja mmoja, kama kawaida yake. Mmoja nilikuwa nimeshamshika, na sikumwachia. Nilipanda naye mpaka nyumbani, nyuma yangu wanaume wakibishana. Wengine walisema afadhali tununue mkavu, Mungu ataelewa. Wengine walisema desturi ni desturi. Mama yako alikuwa ameketi mkekani, kichwa kimenyolewa.

—Leta, alisema. Bwana yangu alikatala, akakufa na hamu yake. Minyi nitakula.

Nikampika kwa maji na nyanya, mafuta kidogo. Mama yako akala polepole, machozi yanadondokea kwenye sahani, hakuyafuta. Kichwa akanipa mimi, ndiyo haki ya wifi. Nilikila chote. Sikusikia ladha yoyote. Mama yako alilia siku ile mpaka sauti ikakauka. Mimi bado.

Bokungu alikuwapo, maana huyu mtu wa mkoa wa Équateur hapitwi na chungu cha samaki. Nilipomweleza habari yote aliketi juu ya kinu na kusahau sahani yake. Kumbe muda wote huo alikaa ofisini na chumvi yake akidhani watu wa Mulongo ni wavivu wa kutembea. Akanieleza kwamba hesabu yako haisemi tena ni samaki wangapi wamo ziwani, inasema tu wavuvi wanakupenda kiasi gani. Hatawaandikia wakubwa kabla hujasema wewe, kwa sababu kazi ile ina jina lako. Lakini ameniomba nisichelewe kukuandikia, na mimi nimechelewa. Kila siku nilichukua kalamu, nikaiweka.

Najua ninachokuomba. Ukiwaambia maprofesa wako, huenda wakakurudisha mwanzo, na Phébé ataendelea kuosha vyombo vya watu. Ukinyamaza utapata diploma yako, na maji ya mafuriko yatakapopanda nyavu zile zitaingia mpaka kwenye mafunjo, zisombe hao samaki wako pamoja na mayai yao. Nyavu za mfanyabiashara hazijui njano. Kabamba na wenzake watakuja hapa Kamina kusukuma baiskeli za mizigo ya watu, na mama yako atabaki na maji yake ya kutazama.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Waambie. Tena usiwaambie kwamba wavuvi walikudanganya. Waambie wewe ni mtoto wa kwao, na hukuwaeleza kwamba ulitaka samaki wako waliwe.

Shangazi wa kubembeleza ungeweza kumkatalia. Lakini kwetu dada wa baba ni baba mwanamke, na sasa baba uliyebaki naye ni mimi.

Nisalimie sana Phébé, mwambie kitenge chake nimekiweka. Umbusu Umba kwa niaba ya bibi zake wawili. Kabamba anakusalimu, na anauliza kama huko samaki nao wana wenyewe. Barua hii anaibeba Padri Amédée, anayekuja huko likizo. Mpe chakula cha moto, amezeeka. Mungu wetu Vidye akulinde, akupe kinywa kisichotetemeka siku utakaposimama mbele ya wale wakubwa, na akurudishe kwetu ungali na nguvu za kupiga kasia.

Akupendaye, hata siku hizi ambazo hasikii kitu,

Baba yako mwanamke,
Mwadi

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha njano. Nimekiosha mara nyingi lakini bado kinanuka mchuzi. Kabamba anafikiri huenda ni cha yule yule aliyeletwa kwenye beseni. Hatuwezi kujua, baba yako hakujua kusoma namba. Mama yako ndiye aliyekitoa sahanini, akakifunga kwenye ncha ya kitambaa changu siku nilipopanda boti.

—Umwambie moya tumekula, alisema. Ahesabu na ile.