Uvimbe wa Mama

Dada Suk-yin,

Hapa Sham Shui Po mvua haikomi, nguo hazikauki. Mama bado anapika uji wa mchele kila asubuhi, ila sasa anaumeza kwa shida.

Ule uvimbe wa shingoni umekua. Barua ya kwanza ya daktari, ya Kiingereza, iliandikwa "swelling", yaani kuvimba tu, kama shavu lenye jino bovu. Ya juzi imeandikwa "tumour". Nilifungua kamusi mara tatu. Hiyo ni nyama iliyoota, na inaweza kuua.

"Wamesemaje, mwanangu?" Mama akaniuliza.

"Uvimbe, Mama."

"Si ndivyo walivyosema mwanzo?"

"Ndiyo. Ni uvimbe tu."

Kwa neno lenyewe sikudanganya, Dada; uvimbe ni yote mawili. Lakini jana nilimkuta Mama kwa jirani yetu, Mwalimu Ko, ameshasomewa barua yote.

"Usinifiche tena, Lai-kuen," akasema. "Naogopa, na kuogopa peke yangu siwezi."

Tulishikana tukalia palepale mlangoni pa watu. Atapasuliwa Jumatatu. Njoo, Dada. Hata mimi siwezi peke yangu.

Mdogo wako,
Lai-kuen