Kilokele, tano ku tano

Exaucée, uko? Nimefanya kitu mubaya.

Unajua ile site yetu ya kutafsiri? Ku profil, pa luga, nilijiandikia Kilokele: tano ku tano. Juu papa yangu iko Mulokele, basi! Mimi mwenye kujua salamu tu, kisha naendelea na Lingala.

Bon. Nicole mumoja wa Lyon akaona ile tano. Akanitumia audio ya koko yake wa Isangi, mama ya papa yake. «Papa amekufa, hakuna tena mutu wa kunielezea.»

Nikasikiliza mara tatu, sikuelewa kitu. Haya ikanizuia kusema. Nikajibu: «Koko anakubariki.» Nicole akanishukuru na machozi.

Leo nimemusikilizisha Tonton Jérôme, ndugu ya papa. Akaniambia: «Huyu mama anauliza mutoto wake mulimuzika wapi.»

MULIMUZIKA WAPI, Exau! Na Nicole alishamujibu koko: «Amen, merci.» Amen!

Nimeingia ku site nifute ile tano. Nikakuta Nicole ametuma audio ingine ya koko, anaomba tena nimutafsirie.

Hii nimeielewa yote. Koko analia tu.