Amina Niliyoiharakisha

Kolwezi, Jumanne usiku

Kwa jina la Mungu Baba, asikiaye hata yasiyosemwa, naandika nikiwa na hofu.

Msichana mmoja wa sekondari alikuja leo katika chumba cha shule yao tunamofanyia mazoezi ya unasihi, sisi tunaosomea shahada ya uzamili. Aliketi, akatazama mlango, akasema, "Tata pasta, leo mi sitaki kurudia ku nyumba." Kisha akanyamaza.

Katika uchungaji wangu wote, mtu akinyamaza mbele yangu, mimi humwombea. Nikafumba macho, nikaomba. Lakini kwetu maombi ya mchungaji ndiyo mwisho wa mazungumzo. Niliposema amina, alikuwa amekwisha kusimama. "Aksanti, tata," akasema, akaondoka.

Mama Béatrice, mwalimu anayetusimamia, alikuwa ameketi pembeni.

"Tata pasta, mutoto alikuwa anatafuta bado maneno. Umemufungia mulango na amina!"

"Nilitaka kumutuliza, mama."

"Ao ulitaka kujituliza weye?"

Niliinuka. Tulimfuata msichana hadi lango la shule. Pikipiki ilikuwa imekwisha kumchukua. Simu ya kwao iliita tena na tena bila kupokelewa.

Kesho nitamngoja langoni kabla ya kengele. Akija, nitaketi naye na kunyamaza kadiri atakavyonyamaza. Asipokuja...

Ee Bwana, ibariki nyumba hii na wote walalao humu. Na nyumba ile asiyotaka kuirudia, ingia humo usiku huu, kabla yetu.